Mguu wa Pili Hauna Mradi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, mapema kuliko walivyotabiri redioni, na kabla sijamaliza chai maji yalikuwa yameshaingia ofisini kwangu. Paa linavuja, lakini haya hayakutoka kwenye paa. Yalipita dirishani, kwa sababu dirisha halifungi. Kiwanda cha rangi kinachotufadhili huleta wafanyakazi wake kila mwaka wakiwa wamevaa fulana za kampuni. Wanaipaka rangi karakana yetu, wanapiga picha, wanakwenda zao. Mwaka huu ilikuwa mara ya nne. Fremu zimenenepa mpaka dirisha limekataa kurudi mahali pake. Kwa nje tunang'aa kuliko benki, na ndani tunatembea na ndoo.

Nimeamua kuandika shajara msimu huu kwa sababu mume wangu amechoka kunisikiliza. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini, sasa amestaafu, na anasema malalamiko yangu yana urudiaji mwingi, ningeyaandika ningejifunza kuyahariri. Haya, Mwalimu, nimeshika kalamu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mifuko miwili ya plasta imelowa stoo na kuwa mawe.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja Chiriku na bibi yake. Chiriku ni jina alilopewa na Fundi, mtengeneza miguu wetu, kwa sababu mtoto huyu haijui kabisa kazi ya kunyamaza. Ana miaka tisa. Mwaka juzi tulimtengenezea mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti, akatoka hapa anaringa. Leo ameingia anachechemea, bega moja juu, jingine chini.

"Shangazi, mguu wangu umefupika," akaniambia hata kabla ya salamu.

"Haukufupika mguu," Fundi akamjibu. "Umerefuka wewe."

Hilo ndilo tatizo letu lote. Sisi tunatengeneza miguu bandia ya watoto, na mtoto anakua lakini mguu haukui. Kigutu nacho kinanenepa, kile kikombe cha plastiki kinachokimeza kinaanza kubana, na ngozi inachubuka. Kila mwaka, au hata chini ya hapo, mtoto anahitaji mguu mwingine. Lakini kiwanda cha rangi kinatoa pesa mwaka mmoja mmoja, na kinalipia kitu kinachoitwa "wanufaika wapya". Chiriku ni mnufaika wa zamani. Alishahesabiwa, akapigwa picha, akatiwa kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Agosti. Mguu wake wa pili hauna mradi.

Fundi amemwongezea soli mbili chini ya kiatu na pamba ndani ya kikombe. Bibi yake ni dobi, anafua nguo za watu na kumbeba mtoto mgongoni siku za matope. Nilimweleza ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Jumatano, 13 Machi

Simu kutoka kiwandani. Yule afisa wa misaada tuliyemwita Bwana Picha amehamishwa. Amekuja mwanamke, katolewa idara ya mauzo. Yaani sasa misaada yetu iko mikononi mwa mtu aliyekuwa anauza ndoo za rangi. Atakuja kututembelea keshokutwa. Nimeagiza uwanja ufagiliwe na ndoo zifichwe.

Ijumaa, 15 Machi

Amekuja. Wa makamo, miwani, viatu vya mpira vya mvua. Hakuja na mpiga picha. Nilimpa ripoti, akaiweka mapajani bila kuifungua.

"Mama, watoto waliopata miguu mwaka juzi wako wapi?"

Nikamwambia mwaka huu tumewahudumia wapya arobaini.

"Hao nimewaona kwenye ripoti. Nauliza wa mwaka juzi."

Nikamwambia hao hawamo kwenye mradi wa sasa. Akatazama dirisha. Akainuka, akajaribu kulifunga kwa mikono miwili, likagoma. Halafu akaenda kwa Fundi, akamwuliza mguu mmoja unadumu muda gani. Fundi, bila hata kuinua uso, akamwambia inategemea mtoto anakula vizuri kiasi gani. Mgeni akacheka, akaandika. Nimempa jina Bibi Maswali. Aliyetoka mauzo atatuuza tu, ni suala la muda.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Hakuna jipya. Kufuli la stoo limeshika kutu.

Ijumaa, 22 Machi

Fundi amegonga mlango wangu jioni wakati wenzake wanafunga vifaa. Kugonga kwenyewe kulinishtua, maana miaka tisa yote anaingia tu.

Hospitali moja ya binafsi inamtaka. Ajira ya kudumu, bima ya familia. Wanataka jibu kabla ya mwezi wa sita, na mkataba wake na sisi unakwisha mwisho wa mwezi wa tano, pamoja na mradi.

Fundi ndiye anayejua kutengeneza kile kikombe. Vijana wawili wanamsaidia, wanasugua, wanakata mikanda, lakini kuchukua kwa plasta umbo la kigutu cha mtoto anayerusharusha miguu na kulitoa bila kosa, hiyo ni kazi yake. Akiondoka, tuna jengo zuri na tanuri la kulainishia plastiki.

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwita msaliti. Nikamwuliza Chiriku na wenzake atawaachia nani.

"Dada, usinitajie watoto," akasema, na hakupandisha sauti. "Mimi pia ninao nyumbani, watatu. Mwenye nyumba akiniuliza mkataba unakwisha lini, namtajia mwezi. Mwaka unaofuata namtajia mwezi mwingine. Miaka tisa ameniona kibarua. Na mimi ndivyo nilivyo, kibarua."

Nikamwambia afunge mlango akitoka.

Jumapili, 24 Machi

Nimemsimulia Mwalimu, nikitegemea aniunge mkono. Akaniuliza kama mimi ningekaa. Nikainuka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Jumanne, 2 Aprili

Bibi Maswali amepiga simu. Amesema wakuu wake wamemruhusu ajaribu njia nyingine na mashirika mawili tu, na sisi ni mojawapo.

"Niambie mnahitaji nini ili kazi iende miaka mitano. Siyo mwaka, mitano. Ukurasa mmoja unatosha. Bodi inakaa tarehe kumi Mei."

Nikamwuliza kipaumbele chao mwaka huu ni kipi, vijana, wanawake au mazingira.

"Hakuna kipaumbele, mama. Semeni nyinyi."

Nimekata simu nikijua kuna mtego. Wafadhili wakisema "semeni nyinyi" huwa wana jibu mfukoni, na kazi yako ni kulibahatisha.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeanza andiko la kuomba fedha.

Jumatatu, 8 Aprili

Naandika. Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Fundi ananisalimia kwa heshima zote, na hiyo ndiyo inayoniuma. Siku zote ananitania.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemaliza! Kurasa thelathini na moja. "Mradi wa Hatua Mpya." Wanufaika wapya mia moja na ishirini kwa mwaka, warsha za viongozi, kipindi cha redio, jedwali la viashiria lenye rangi nne. Nimeweka na upandaji wa miti, kwa sababu huwezi kujua.

Mwalimu ameusoma mzima akinirekebishia mikato. Alipofika mwisho akaniuliza, "Chiriku yuko ukurasa wa ngapi?"

Nikamweleza kwamba Chiriku hawezi kuwamo, si mnufaika mpya. Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Namjua, hiyo ndiyo namna yake ya kugombana. Nimetuma hivyohivyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Bibi Maswali ameingia bila kutoa taarifa, amelowa chapachapa, andiko langu limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akaliweka mezani. Chumba kizima kilikuwa na milio ya matone kwenye ndoo, maana safari hii sikupata nafasi ya kuzificha.

"Mama, hiki nini?"

"Andiko. Si uliomba?"

"Sikuomba andiko. Niliuliza mnahitaji nini. Umeniletea mradi."

"Sasa tofauti iko wapi?"

Akafungua ukurasa wa bajeti. "Paa liko wapi humu? Nimekaa chini yake, linanidondokea kisogoni. Halimo. Fundi umemwandikia miezi minne. Redio umeiwekea mwaka mzima. Kwani watoto wanavaa redio?"

Mmoja wa wale vijana wawili alicheka kule nje. Mimi damu ilinipanda.

"Dada, usije hapa na viatu vyako vya mvua kunifundisha kazi," nikamwambia. "Nyinyi ndio mliotufundisha hivi. Mlipotaka vijana, tukawa shirika la vijana. Mlipotaka mazingira, tukapanda miche nyuma ya choo, na mbuzi wa jirani wakala yote, na ripoti nikaandika. Niliwahi kuomba mshahara wa Fundi wa mwaka mzima, mkaniandikia kwamba hamlipii gharama za uendeshaji. Mguu unajiendesha wenyewe? Niliomba mabati, mkaniletea rangi. Kila mwaka mnataka watoto wapya, wapya, wapya, kana kwamba mtoto akishapigwa picha anaacha kukua! Unajua mtoto akirudi hapa mimi najisikiaje? Namwona pale getini, ameongezeka urefu, mzima, anacheka, na mimi natamani asingekua. Mtoto wa watu! Namwona hasara."

Nikaanza kulia. Sijalia mbele ya mfadhili tangu nianze kazi hii, na nilikasirika zaidi kwa kulia kuliko kwa yote mengine.

Hakunibembeleza. Alisubiri. Kisha akanisogezea kipande cha karatasi na kalamu.

"Yaandike hayo," akasema. "Hayo hayo. Ila mbuzi waache."

Halafu akakaa vizuri, akanieleza ya kwake. Amekaa mauzo miaka kumi na tano. Anasema wakala wa duka akichukua rangi kwa mkopo, kampuni haimwambii ndoo nyeupe amuuzie nani wala mshahara wa muuzaji wake atoe wapi. Wanamtazama kama anaijua kazi na ni mwaminifu, wanakaa naye miaka, biashara ikiyumba wanakaa wanazungumza. "Kwa wauza rangi tunaaminiana. Nilipohamia misaada nikakuta tunawashika nyinyi kama wezi watarajiwa. Nikawauliza wakuu kwa nini, hakuna aliyejua."

Nikamwuliza kama bodi itakubali.

"Sijui. Kuna mmoja anasema pesa isiyofungwa kwenye kazi maalumu itapotea. Kuna mwingine anataka picha. Mimi nina kura moja, na yenyewe ya kuazima kwa mkuu wangu." Akafikiri kidogo. "Watataka kitu cha kupima. Siyo changu, chenu. Wewe utajuaje kwamba kazi inakwenda?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyekuwa hana jibu lake tayari. Nikasikia Fundi anasugua kitu kwa msasa chumba cha pili.

"Wakirudi," nikasema. "Mtoto aliyepata mguu wa kwanza akirudi kuchukua wa pili, na wa tatu, mpaka aache kukua. Tuhesabu wanaorudi."

Akaandika, akafunga daftari lake, akaniomba taulo.

Ijumaa, 19 Aprili

Mwalimu kwenye chai ya asubuhi: "Unajua neno mradi lina maana mbili? Kuna mradi, kazi yenye shabaha. Na kuna mradi kama mtu anaposema, nimekula mradi nisilale njaa. Nadhani wenzangu mmechanganya." Alicheka peke yake, akaona sicheki, akanimiminia chai nyingine. Lakini nimelifikiria njia nzima.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimewakusanya wote chini ya sehemu isiyovuja. Nikawauliza tunahitaji nini, kama hakuna anayetuambia tuhitaji nini. Utadhani nimewauliza kwa Kichina. Mhasibu akatazama kikokotoo chake. Mlinzi akasema buti, akaona aibu. Nikamwambia buti ziandikwe, na hapo ndipo midomo ilipofunguka: mabati, plasta ya akiba, vijana wawili wafundishwe kikombe, nauli ya watoto wanaotoka mbali.

Fundi alikuwa wa mwisho. "Mimi nataka kujua tu," akasema.

"Kujua nini?"

"Kama nipo."

Tumeandika ukurasa mmoja, na robo ya chini imebaki tupu. Nimeutuma kabla sijaanza kuijaza.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Kikohozi.

Ijumaa, 10 Mei

Bodi imekaa. Simu kimya.

Jumamosi, 11 Mei

Kimya. Nimemgombeza Mwalimu kwa sababu ya chumvi, naye hakuwa amepika.

Jumanne, 14 Mei

Wamekubali.

Aliongea haraka, sauti imemkauka. Miaka mitano. Si pesa zote tulizoomba, ni kama theluthi mbili hivi, lakini hazijafungwa kwenye kitu chochote: mshahara, paa, plasta, sisi ndio tutakaoamua. Ripoti moja fupi kwa mwaka, na mara mbili kwa mwaka tunakaa tunazungumza, mabaya yakiwemo. Wakitaka kuacha, watatuambia mwaka mzima kabla. Yule mjumbe aliyetaka picha alipiga kura ya hapana. Yule aliyeogopa pesa itapotea ndiye aliyeuliza kama miaka mitano inamtosha mtoto wa miaka tisa. Bibi Maswali akamwambia ukweli, kwamba haimtoshi, na baada ya hapo ndipo mjumbe huyo akainua mkono kukubali.

Nilitaka kumwomba radhi kwa jina nililompa, nikakumbuka halijui. Nikamwambia tu, "Ahsante, mwanangu." Hata sikumbuki nilianza lini kumwona mwanangu.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempa Fundi mkataba wa miaka mitano, pamoja na bima. Hospitali inalipa zaidi kidogo, nilimwambia hilo mwenyewe, na nikamwomba radhi kwa lile neno la mwezi wa tatu. Aliusoma amesimama. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena tarehe ya mwisho. Akauliza kama anaweza kwenda nao nyumbani mkewe auone.

Jumapili, 19 Mei

Sijala vizuri. Mwalimu ananyatanyata kama kuna mgonjwa ndani.

Jumatatu, 20 Mei

Amesaini. Ameingia bila kugonga, akauweka mezani, akasema, "Dada, na wewe leo unaonekana umezeeka." Nimefurahi kutaniwa tena.

Jumatatu, 27 Mei

Upepo wa jana umeng'oa mabati yote ya stoo. Plasta yote imekwenda, na tanuri limeingia maji, fundi umeme anasema waya zake zimeungua. Tulikuwa tumepanga pesa ya kwanza iende kwenye mafunzo ya vijana. Nimekaa nikaandika barua ya kuomba kibali cha kuhamisha matumizi, yenye viambatisho vitatu. Nikaona barua itachelewa, nikampigia Bibi Maswali, nikaanza kujieleza kuanzia upepo.

Akanikatiza. "Mama, mbona unaniuliza mimi?"

Nikabaki na simu sikioni.

"Mmeumia?" akauliza.

"Hapana."

"Basi. Ezekeni."

Jumamosi, 1 Juni

Mabati mapya, plasta mpya, na tanuri limebadilishwa waya. Mafunzo yatasubiri mwezi wa nane, tumekubaliana wenyewe. Vijana hawakununa sana.

Alhamisi, 6 Juni

Jua siku ya tatu mfululizo. Watu wameanza kulalamikia vumbi.

Chiriku amepata mguu wake. Fundi alichukua umbo Jumatatu, mtoto akiongea muda wote, na leo ameuvaa kati ya zile reli mbili za mazoezi. Akasimama. Mabega yakawa sawa. Akatembea mpaka mwisho, akageuka, akadai sasa mguu wa kushoto ndio mfupi. Fundi akamwambia ni mazoea tu, akamwonyesha kwa rula. Hakuamini rula. Akaenda tena na tena, mpaka akaacha kushika reli bila mwenyewe kutambua, na hapo kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Bibi yake alikuwa amekaa kwenye benchi, ule mguu wa zamani mapajani, ameusafisha vizuri. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu kwa sabuni.

"Mwanangu, huu mpeni mtoto mwingine," akasema. "Sisi mmeshatutosheleza. Mungu akulipe. Hata tusipoonana tena, nitakuombea."

"Bibi, tutaonana mwezi wa kumi na mbili," nikamwambia.

Akanitazama kwa wasiwasi. "Kuna nini mwezi wa kumi na mbili?"

"Atakuwa amekua."